Dalali wa bima ya afya: Je, anamfaa mstaafu wa Kitengela na Kajiado?

MTUMISHI anapostaafu nchini Kenya hupoteza mambo mawili kwa siku moja: mshahara na kadi ya matibabu ya mwajiri. Pensheni, hata ikichelewa, huja. Kadi ile hairudi tena.

Kwa wengi waliojenga nyumba zao Kitengela, Kisaju, Isinya na mjini Kajiado kwa fedha za kiinua mgongo, pengo hilo ndilo humfungulia mlango dalali wa bima ya afya. Dalali hufika akiwa na orodha ya kampuni, jedwali la ada na hakikisho kwamba huduma yake haina malipo. Swali ambalo ni wachache huuliza ni hili: ikiwa mteja halipi, ni nani anayelipa, na huyo anayelipwa atamtumikia nani siku mgonjwa atakapofikishwa hospitalini?

Likipimwa kwa makini, jibu linaonyesha kuwa dalali anaweza kuwa wa manufaa makubwa kwa kijana mwenye afya au kwa kampuni yenye wafanyakazi wengi, lakini manufaa hayo hupungua kadiri mteja anavyozeeka. Thamani kubwa ya dalali ni uhuru wake wa kumhamisha mteja kutoka kampuni moja hadi nyingine akitafuta nafuu. Uhuru huo ndio ambao mzee mwenye maradhi ya kudumu hawezi kuutumia bila kujitia hatarini.

Wastaafu wa barabara ya Namanga

Kitengela, mji ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Namanga, umekua kwa kasi ambayo wenyeji wake wa zamani hawakuitarajia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini humo, katika kaunti iliyokuwa na wakazi 1,117,840. Wapo waliovutiwa na viwanda vya saruji na eneo la EPZ huko Athi River. Wengine ni watumishi wa Nairobi walionunua vipande vya ardhi kutoka kwa familia za Wamaasai, wakajenga polepole kwa mikopo ya sako, na hatimaye kuhamia huko walipostaafu.

Umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mnamo 2009. Maana yake ni kwamba mtumishi huachana na bima ya mwajiri katika umri ule ule ambapo shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya tezi dume, mtoto wa jicho na maumivu ya viungo huanza kumwandama.

Kinga ya kwanza ya mstaafu huyo ni ile ya serikali. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyoanzishwa 1966, ilifikia kikomo na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kuanzia Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Familia zisizotegemea mshahara hupimwa uwezo wao kwa maswali kuhusu hali ya maisha yao, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, kiwango cha chini kabisa kikiwa Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Kujisajili ni jambo la lazima kisheria, na hufanywa kwa simu kupitia nambari *147#. Hakuna dalali anayehitajika hapo.

Hata hivyo, mpango huo mpya haukuanza bila misukosuko. Mnamo Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kilitangaza kusitishwa kwa huduma kwa wagonjwa wa SHA kwa sababu ya malipo yaliyocheleweshwa. Mstaafu aliyekuwa amezoea kadi ya mwajiri alipoona hayo, aliona busara kutafuta bima ya ziada ya kampuni ya kibinafsi. Hapo ndipo dalali alipopata soko.

Dalali ni nani?

Katika mazungumzo ya kila siku mjini Kitengela, 'broka' ni mtu anayetafuta wanunuzi wa ploti. Dalali wa bima si mtu wa namna hiyo. Sheria ya Bima, Sura ya 487, humtambua kuwa ni mpatanishi anayeshughulikia kuweka bima kwenye kampuni kwa matarajio ya kulipwa kamisheni, akifanya hivyo kwa niaba ya kampuni ya bima, mwenye bima au mtu anayeomba bima. Ni lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), na usajili huo hukoma Desemba 31 kila mwaka hadi uhuishwe.

Yafaa kumtofautisha na wakala. Wakala ni mkono wa kuuzia wa kampuni za bima. Dalali anatazamiwa kuwa mshauri wa mteja, aliye huru kuzunguka sokoni na kulinganisha. Lakini ufafanuzi wa sheria wenyewe unamweka dalali kati ya pande tatu, na upande mmoja tu kati ya hizo, yaani kampuni ya bima, ndio unaomkatia malipo. Matatizo mengi ya mstaafu yana asili yake hapo.

Haki yake asinyimwe

Ni vyema kukiri mazuri ya dalali kabla ya kutaja kasoro zake. Mkataba wa bima ya afya ni maandishi magumu, yenye viwango vya kulazwa, viwango vya kutibiwa bila kulazwa, orodha ya magonjwa yasiyolipiwa na masharti ya kungoja. Mzee aliyefundisha hisabati kwa miaka 30 anaweza kuusoma mara tatu na bado akakosa kuelewa kwamba matibabu ya meno na macho yana kikomo chake pekee.

Dalali mzuri humfafanulia hayo. Hujua ni kampuni gani zinazopokea wanachama waliopita miaka 65 na zipi hazipokei. Dai likikataliwa, hujua mlango wa kubisha. Tena, mara nyingi ada haipungui mteja anapokwenda moja kwa moja kwenye kampuni, hivyo anayemkwepa dalali kwa nia ya kuokoa fedha huenda asiokoe chochote.

Thamani hiyo ilionekana katika mpango wa matibabu wa walimu. Kwa miaka kadhaa, hadi walimu walipohamishiwa SHA mwishoni mwa 2025, mpango huo wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) uliendeshwa kupitia Minet, kampuni ya udalali wa bima. Malalamiko hayakukosekana, lakini dalali mwenye mkataba wa zaidi ya walimu 300,000 na familia zao alikuwa na sauti mbele ya kampuni za bima na hospitali, na nyuma yake alisimama mwajiri mkubwa.

Siku mwalimu anapostaafu, sauti hiyo hubaki kwa mwajiri. Mstaafu anayemwendea dalali peke yake anaingia katika uhusiano wa namna nyingine kabisa.

Hesabu ya kamisheni

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Tuseme ada ya mstaafu na mkewe ni Sh120,000 kwa mwaka na kamisheni ni asilimia 10. Dalali atapata Sh12,000 kabla ya kodi. Kiwanda kinacholipa Sh12 milioni kwa ajili ya wafanyakazi wake kitamletea Sh1.2 milioni kwa kamisheni hiyo hiyo.

Sasa tazama kazi inayotakiwa. Wafanyakazi wa kiwandani wengi wao ni vijana, na kiwanda kina afisa wa wafanyakazi wa kufuatilia mambo yao. Mstaafu ana dawa za kila mwezi, vipimo vya mara kwa mara, barua za daktari na madai yanayohitaji idhini. Mteja anayehitaji huduma nyingi zaidi ndiye anayemletea dalali mapato madogo zaidi.

Dalali hahitaji kuwa mtu mbaya ili amsahau mteja wa namna hiyo. Ofisi yake iko Nairobi, wafanyakazi wake ni wachache, na simu mbili zikilia kwa wakati mmoja, moja ya kiwanda na nyingine ya mzee wa Kisaju, si vigumu kubashiri itakayopokewa kwanza. Ijumaa usiku, wakati mgonjwa yumo katika chumba cha dharura na hospitali inangoja idhini, huenda isipokewe hata moja.

Hatari ya kuhamahama

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote haihusu simu wala kamisheni. Inahusu muda wa kungoja.

Bima nyingi za mtu binafsi huweka vipindi ambavyo mwanachama mpya hulipa ada bila kupata baadhi ya huduma. Kwa ugonjwa wa kawaida kipindi hicho mara nyingi ni siku 30. Kwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya mtu kujiunga, au ugonjwa wa kudumu, mara nyingi ni mwaka mmoja au zaidi. Kampuni nyingi pia huweka umri wa mwisho wa kujiunga, na huwataka waombaji wenye umri mkubwa kupimwa na daktari kwanza.

Mwanachama anayesalia katika kampuni moja huvuka vipindi hivyo mara moja. Anayehama huweza kulazimika kuanza upya.

Chukua mfano wa mwalimu aliyestaafu na kuishi Isinya akiwa na kisukari. Alijiunga na kampuni moja akiwa na umri wa miaka 61, akalipa mwaka mzima kisukari chake kikiwa nje ya bima, na mwaka wa pili kikaanza kulipiwa. Mwaka wa tatu kampuni inapandisha ada. Dalali, kwa nia njema kabisa, anapata kampuni nyingine iliyo nafuu kwa Sh20,000. Mwalimu anahama.

Katika kampuni mpya, kisukari kinahesabiwa tena kuwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima. Miezi minne baadaye mguu unapata kidonda, analazwa, na dai linakataliwa. Nafuu ya Sh20,000 imemwachia gharama yote ya kitanda, upasuaji na dawa. Akitaka kurudi alikotoka, huko nako sasa ni mgeni, tena mwenye umri wa miaka 64 na rekodi ya kulazwa.

Katika kisa cha namna hiyo, dalali hapotezi kitu. Kamisheni yake ya mwaka imelipwa, kama ambavyo ingelipwa na kampuni ya awali. Aliyebeba hatari yote ni mzee. Kwa kijana wa miaka 30 asiye na ugonjwa wowote, ushauri ule ule wa kuhama ungekuwa mzuri, na hii ndiyo sababu dalali aliyezoea kuwahudumia vijana anaweza kumpotosha mzee bila kukusudia.

Zipo kampuni zinazokubali kuutambua muda ambao mwanachama aliutumikia katika kampuni nyingine, hasa akiwa na barua ya kuthibitisha historia yake na bila kuacha pengo kati ya bima mbili. Lakini huo ni ukarimu wa kampuni, na ni lazima uandikwe kwenye mkataba mpya. Neno la dalali kwenye simu halitoshi.

Fomu iliyojazwa na mwingine

Kasoro ya pili hujificha kwenye fomu ya maombi. Bima hujengwa juu ya uaminifu kamili: mwombaji anatakiwa kueleza kila ugonjwa alio nao au aliowahi kutibiwa. Akificha, kampuni inaweza kukataa dai au kuufuta mkataba mzima.

Ili kumrahisishia mzee, dalali mara nyingi hujaza fomu mwenyewe na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Penye swali kuhusu shinikizo la damu huandikwa 'hapana', ama kwa sababu mzee hakuulizwa, ama kwa sababu jibu la 'ndiyo' lingechelewesha maombi. Miaka miwili baadaye faili ya hospitali inaonyesha kuwa mgonjwa amekuwa akimeza dawa za shinikizo tangu 2015.

Sahihi iliyo chini ya fomu ni ya mstaafu. Atalazimika kuthibitisha kwamba alimweleza dalali ukweli, na kwa kawaida hana maandishi yoyote ya kuonyesha hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bima ni mali iliyo kwenye karatasi tupu.

Katika Kajiado suala hili lina uzito wa ziada. Mzee aliyeishi maisha yake yote kama mfugaji huko Mashuuru au Bissil, na sasa analipiwa bima na watoto walio Nairobi, huenda asisome Kiingereza kilichoandikiwa fomu. Mtoto huzungumza na dalali kwa simu, dalali hujaza, mzee hutia alama ya kidole. Watu watatu wamehusika na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa mwenyewe maswali yote.

Fedha mikononi mwa mtu wa kati

Sheria ya Bima inaweka kanuni kwamba kampuni haibebi dhamana kabla ya ada kulipwa. Kwa hivyo kila siku ambayo fedha za mstaafu zinakaa kwenye akaunti ya mtu mwingine ni siku ya wasiwasi. Kampuni za bima zimelalamika kwa miaka mingi kuhusu madalali na mawakala wanaochelewa kuwasilisha ada walizokusanya. Mzozo huo ni wao kwa wao, lakini kadi inayokataliwa hospitalini ni ya mteja.

Tiba yake ni rahisi. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au nambari ya malipo ya simu iliyo kwa jina la kampuni ya bima, na stakabadhi itoke kwa kampuni hiyo. Dalali mwaminifu hatachukizwa na jambo hilo, kwa sababu kamisheni yake haipotei.

Mstaafu pia ana haki ya kuelewa kila shilingi iliyoongezwa juu ya ada. Tozo za kawaida ni ndogo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya Hazina ya Fidia ya Wenye Bima na stempu ya Sh40. Kwa ada ya Sh120,000, jumla yake ni Sh580. Nyongeza yoyote inayozidi hapo, iwe inaitwa gharama ya kadi au ada ya huduma, inastahili maelezo ya maandishi.

Kuna pia mkopo wa kulipia ada, ambao madalali wengi huupendekeza kwa asiyeweza kulipa kwa mkupuo. Benki hulipa kampuni, naye mteja huilipa benki kwa awamu pamoja na riba. Kwa mfanyakazi, makato hayo hupita kwenye mshahara bila kuhisiwa. Kwa mtu ambaye pensheni yake huchelewa, au anayetegemea kuuza ng'ombe wakati wa kiangazi bei zinapoporomoka, awamu moja iliyokosekana inaweza kuifanya benki iombe bima ifutwe. Akijiunga tena, saa ya kungoja huanza kuhesabu upya.

Orodha ya hospitali

Dalali aliye Nairobi huuza bima kwa kuitazama ramani ya Nairobi. Kwa mkazi wa Kitengela kasoro hiyo huenda isionekane sana, kwa kuwa jiji liko umbali wa takriban kilomita 30 na hospitali za kibinafsi mjini humo si haba. Mambo hubadilika kadiri mtu anavyoteremka kuelekea kusini. Mjini Kajiado tegemeo kuu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na baada ya hapo, kuelekea Bissil na Namanga, vituo ni vichache na umbali kati yake ni mkubwa.

Bima yenye majina ya hospitali kubwa za jiji humpendeza mnunuzi. Lakini mzee anayehitaji kupimwa sukari kila mwezi hatumii hospitali hizo. Anatumia zahanati iliyo karibu na kituo cha matatu. Ikiwa zahanati hiyo haimo katika orodha ya kampuni, atakuwa amelipia huduma ya nje asiyoitumia, na nauli ya kwenda mjini itakuwa ada ya pili.

Orodha hizo pia hubadilika katikati ya mwaka, hospitali zinapoondolewa au zinapojiondoa. Aliyenunua kwa kampuni moja kwa moja kwa kawaida hupata taarifa kwenye simu yake. Aliyenunua kupitia dalali aliyeandika nambari yake mwenyewe ya simu kwenye fomu, huenda asiipate kamwe.

Kampuni inapoanguka

Mnamo Aprili 2022 IRA iliiweka Resolution Insurance, kampuni iliyojulikana zaidi kwa bima ya matibabu, chini ya usimamizi wa kisheria. Waliokuwa wamelipa ada za mwaka walijikuta wakitafuta kinga nyingine kabla ya mwaka wao kuisha.

Kisa hicho kinatoa funzo kuhusu ulinganishaji unaofanywa na dalali. Jedwali lake huonyesha ada na viwango vya huduma. Ni nadra lionyeshe kampuni inalipa madai kwa kasi gani, au ina uwezo kiasi gani wa kubeba hasara. Hazina ya Fidia ya Wenye Bima, iliyoundwa 2004, ipo kwa ajili ya majanga ya namna hiyo, lakini fidia yake ina kikomo na haiji kwa siku moja. Anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki hawezi kuingoja.

Kuna pia suala la siri za mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Kila anayelinganisha kampuni tano kupitia dalali husambaza historia yake ya ugonjwa kwa ofisi tano, na ni halali kwake kuuliza zitahifadhiwa na nani na kwa muda gani.

Si Kenya pekee

Tatizo hili halikuzaliwa Kajiado. Nchini Marekani, ambako mpango wa serikali wa Medicare huwahudumia waliotimiza miaka 65, madalali wa bima za ziada wamekuwapo kwa miaka mingi, hata serikali ikalazimika kuweka viwango vya juu vya kamisheni wanazolipwa kwa mipango fulani. Huko, anayenunua bima ya kujazia Medicare katika miezi sita ya kwanza hawezi kukataliwa kwa sababu ya ugonjwa. Akingoja au akitaka kuhama baadaye, katika majimbo mengi kampuni ina hiari ya kumkataa.

Funzo lake linafanana na la Isinya: uamuzi wa kwanza wa mzee una uzito kuliko maamuzi yote yanayofuata. Tofauti ni kwamba mzee wa Marekani ana dirisha lililolindwa na sheria. Mstaafu wa Kenya hutegemea masharti ya kampuni aliyoichagua, na ujuzi wa aliyemchagulia.

Njia zilizo wazi

Haya yote hayana maana kwamba mstaafu amfukuze dalali mlangoni. Yana maana kwamba ampe kazi inayomfaa, na asimwachie ile isiyomfaa.

Kwanza, mchango wa SHA ulipwe bila kukosa, hata kwa mwenye bima ya kibinafsi. Baadhi ya kampuni hukadiria malipo yao zikichukulia kwamba mwanachama ana SHA, na asipokuwa nayo tofauti hudaiwa mgonjwa.

Pili, jina la dalali litafutwe katika orodha ya waliosajiliwa na IRA kwa mwaka huo. Leseni ya mwaka uliopita haitoshi, na mtu asiyeweza kutaja kampuni ya udalali anayoiwakilisha hapaswi kupewa nakala ya kitambulisho.

Tatu, dalali aulizwe maswali manne na ajibu kwa maandishi: analipwa kiasi gani na kampuni anayoipendekeza, kampuni hiyo ina umri gani wa mwisho wa kuendelea kuwa mwanachama, ugonjwa uliopo utaanza kulipiwa tarehe gani, na ni zahanati na hospitali zipi kati ya Kitengela na Namanga zilizomo katika orodha. Swali la pili ndilo husahaulika zaidi. Kampuni inayompokea mtu wa miaka 62 na kumtoa akifika 75 inamwacha wakati ambapo hakuna nyingine itakayompokea.

Nne, fomu ijazwe mbele ya mwombaji, kwa lugha anayoielewa, nakala ibaki nyumbani, na nambari ya simu iliyoandikwa iwe yake au ya mwanawe.

Kwa walio katika vikundi vya wastaafu, sako au makanisa, ipo njia ya kununua bima ya kikundi. Hapo dalali hurudia kuwa na nguvu, kwa sababu ana wanachama wengi wa kuwatetea, na kampuni mara nyingi hulegeza masharti ya kungoja. Udhaifu wake ni kwamba kikundi kikipungua, bima huweza kusambaratika na kila mzee kurudi sokoni peke yake.

Kwa walio bado kazini, muda wa kujitayarisha upo. Sheria ya kodi iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 inaruhusu hadi Sh15,000 kwa mwezi zinazowekwa katika hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu zisihesabiwe katika mapato yanayotozwa kodi. Mwenye akiba ya namna hiyo atamfikia dalali akiwa na fedha za kuchagua kwa utulivu, badala ya kununua bima iliyo rahisi kwa mwaka huo.

Kwa aliyekwisha kustaafu na tayari ana bima inayomlipia dawa zake, uamuzi mgumu utakuja kila mwaka barua ya kuhuisha itakapofika ikiwa na ada iliyopanda. Dalali atakuja na nafuu. Kabla ya kuikubali, mzee anapaswa kuhesabu miezi ambayo ugonjwa wake utakuwa bila kinga, kisha ajiulize kama anaweza kuilipia miezi hiyo mwenyewe. Ikiwa hawezi, ada iliyopanda ndiyo iliyo nafuu.